Yamaha BB434, gita la besi nililolipiga dakika 40 alafu nikaliacha dukani

Nianze na ukweli, hii besi sio yangu. Ilikua iwe yangu mwaka 2022, hela ya advansi ninayo, muuzaji yuko tayari kushuka bei, na mimi nikatoka pale dukani na waya wa jeki tu. Ila nimeipiga mara mbili, mara ya kwanza dakika 40 pale dukani na mara ya pili nyimbo tatu kwenye harusi, kwahiyo ninayoandika hapa nimeyasikia kwa masikio yangu na kuyashika kwa vidole vyangu.

Ilikua Jumamosi, nimeshuka Kariakoo kutafuta waya maana wa kwaya ulikua unakatakata katikati ya ibada. Kuna mzee mmoja ana kaduka kadogo ghorofani anauza vyombo vya muziki vya mtumba, vinanda, spika, mixa, magita ya nyuzi sita mengi, besi chache sana. Siku hiyo ukutani kulikua na besi moja tu, rangi ile ambayo Yamaha wanaiita Teal Blue, bluu inayoelekea kijani kama bahari pale kina kinapoanza. Nikamwamkia mzee, nikaomba niishike. Akachukua kitambaa akaifuta vumbi taratibu, nyuma na mbele, akanivutia kiti akasema "kaa kwanza mwanangu, besi ngeni haipigwi umesimama", akachomeka kwenye ampu ndogo ya mazoezi.

Nikapiga uzi wa E, ule mnene kuliko wote, peke yake bila kubonyeza popote, nikaiacha ilie. Aisee. Mzee alimhudumia mteja aliekuja kununua nyuzi, akamrudishia chenji, mteja akaondoka, na ile noti niliyoipiga bado ilikua inalia, sauti imeshuka lakini nikiweka kiganja kwenye mbao naisikia inatetemeka mpaka tumboni kwangu. Miaka 9 nilikua napiga besi ya kanisa ambayo noti ukiipiga inatoka inakufa hapohapo, nilishazoea kujaza mapengo kwa kupiga noti nyingi nikidhani ndo mtindo wangu, kumbe chombo ndo kilikua kinanilazimisha. Pale kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza nikapiga noti moja nikanyamaza, na wimbo ukawa umejaa.

Kwa ambao hamzijui hizi BB, ni kifupi cha Broad Bass, Yamaha walianza kuzitoa 1977, na 2017 zilipotimiza miaka 40 wakaipanga upya familia nzima, ndo zikaja BB234, BB434, BB734A na ile ya juu kabisa BBP34 inayotengenezwa Japani. 434 ni ya katikati na inatengenezwa Indonesia. Sio jina dogo hili, Peter Hook, aliyekua mpiga besi wa bendi ya Uingereza New Order, alizipiga BB za mwanzoni, Paul McCartney wa Beatles amezipiga, na Nathan East, mpiga besi wa Marekani, ana BB yenye jina lake.

Sasa kilichonishika ni hiki. Shingo yake imefungwa kwenye mwili kwa boliti sita, na mbili kati ya hizo zimeingia kwa mshazari, kwahiyo shingo inavutwa ikabanana na mwili badala ya kukandamizwa tu kwa nyuma. Besi nyingi unazozikuta mtaani ni boliti nne. Nilijaribu kitu ambacho kila mpiga besi anatakiwa akijaribu kabla hajatoa hela, uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya 5, ya 6, ya 7, unapiga moja moja unaacha. Kwenye besi nyingi hapo pana noti inayokufa mapema kuliko wenzake, na hio fundi ni vigumu kuimaliza, mara nyingi ni mbao yenyewe. Kwenye ile ya bluu zote zilikaa. Alafu daraja lake, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili, linakupa uamuzi, nyuzi unaweza kuzipitisha juu kawaida au ukazitoboza kwa nyuma ya mwili, na zikipita nyuma hazikunjwi kwa ghafla, zinapita kwa pembe ya digrii 45 kwahiyo hazikatiki hovyo. Ile ya mzee ilikua imepitishwa nyuma, na nadhani ndo maana uzi wa E ulikua mkavu na mzito, haulegei ukiupiga kwa nguvu kwenye sebene.

Pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ziko mbili, ya juu ni ile iliyogawanyika vipande viwili kama ya Precision, ya chini karibu na daraja ni ile nyembamba kama ya Jazz Bass, zote hizo ni besi maarufu za Fender. Nobu tatu, sauti ya hii, sauti ya ile, na toni. Haina betri ya kukuza sauti ndani yake. Watu wanaidharau besi isiyo na betri wakiona ya mwenzao ina nobu tano, lakini mimi nimeshaona betri ya volti 9 inaisha katikati ya wimbo wa sadaka, sauti inaanza kupasuka, mpigaji anaangalia jeki, fundi mitambo anaangalia mixa, na waimbaji wanaendelea hewani bila sauti ya chini. Hii unachomeka unapiga.

Kwenye kuabudu polepole nilifungua pikapu ya juu peke yake, toni nikaishusha nusu, ikatoka sauti ya duara, nene, inayokaa chini ya kinanda bila kugombana nacho. Kwenye sebene nikaongeza ile ya chini kidogo, vidole vikaanza kusikika kimoja kimoja. Kasoro niliyoiona ni kwamba ukifungua ile ya chini peke yake inavuma, mmmmm, na kwenye kumbi zetu zenye umeme usio na erthi au ukiwa unatumia jenereta huo mvumo utausikia kwelikweli. Hiyo ni tabia ya pikapu nyingi za aina hiyo, ukifungua na ile ya juu mvumo unapungua ila hauishi kabisa, ukitaka uishe tumia ya juu peke yake. Kasoro ya pili freti ni 21 tu, ukitaka kupanda juu kabisa kama solo hii haikufai. Mimi juu huko sina kazi nako.

Nikaikagua kama mtu anayenunua. Nikabonyeza freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja nikaangalia katikati kati ya uzi na freti, nafasi ndogo tu kama unene wa karatasi ngumu, shingo haijapinda. Freti hazijalika. Nobu ya toni ilikua inakwaruza ukiizungusha, kitu cha kupuliza dawa dakika mbili. Na mkwaruzo mmoja karibu na shimo la jeki, urefu wa kidole, rangi imetoka mpaka mbao inaonekana.

Bei laki tisa na nusu. Tukaongea, mzee akashuka mpaka laki nane na nusu, akasema kama sina zote niache advansi ya laki mbili anifungie kwenye begi mpaka mwisho wa mwezi. Kwenye simu nilikua na laki saba na ushee. Yaani advansi nilikua nayo zaidi ya mara tatu.

Nikamwambia mzee ngoja nikajipange. Hapo ndo nilipoteza. Sikua na cha kujipanga, kilichonirudisha nyuma ni ule mkwaruzo na neno mtumba. Nilijiambia kwa hela inayokaribia hiyo napata mpya kwenye boksi, yenye warantii, ambayo hajaishika mtu. Wiki ya pili nikanunua mpya kweli, Yamaha TRBX174, laki saba na nusu. Nyumbani mama watoto aliangalia boksi akauliza "si ulisema ya bluu?" maana tangu ile Jumamosi nilikua namuelezea hiyo hiyo kila tukikaa mezani. Sikua na jibu la maana.

Niseme haki, TRBX174 sio besi mbaya na yeyote anayeanza namwambia achukue bila wasiwasi. Nyepesi, inakaa vizuri begani ibada ya masaa matatu, freti 24, pikapu za mpangilio uleule wa mbili, haina betri pia. Nimeipiga mpaka leo haijawahi kuniangusha. Ila kwenye yangu uzi wa G freti ya 6 noti inakufa. Unaipiga inatoka, unahesabu moja mbili, imeondoka. Na wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa C# hiyo ndo noti yenyewe, nalazimika kuikimbilia kwenye uzi wa D freti ya 11, mkono unatoka pale ulipokua, mtiririko unakatika. Kila Jumapili tukifika kwenye hiyo noti nakumbuka kile kiti cha mzee.

Mwezi uliofuata nilirudi na hela kamili, nilishaamua niuze ile mpya hata kwa hasara. Ukutani palikua na msumari tu. Mzee akasema imeondoka siku nne baada ya mimi kutoka, kijana alikuja akaipiga kama dakika tano akalipa. Hakunilaumu, aliniambia tu "nilikusubiri mpaka Jumatano".

Mnaosema si uagize nyingine mpya, nimepiga hesabu mara nyingi. Mpya ya nje bei yake yenyewe iko juu ya ile ya mzee, weka usafirishaji wa boksi refu ambalo linahesabiwa kwa ukubwa sio kwa uzito tu, weka ushuru, weka VAT asilimia 18, na ukishamaliza yote hayo unapokea kitu ambacho hujakishika. Mbao mbili za modeli moja hazilii sawa. Ile nilikua nimeshaisikia.

Mara ya pili ilikua 2023, harusi maeneo ya Tabata, bendi yetu ilialikwa kupiga baada ya chakula. Naingia ukumbini bendi iliyotutangulia iko kwenye wimbo wa mwisho, nikaisikia kabla sijaiona. Sijui nielezeje, ule uzi wa E ukishausikia unaujua. Nikatazama jukwaani, bluu ileile. Walipomaliza nikamfuata kijana, nikamsalimia, nikamwambia kaka hiyo besi nilishawahi kuishika kabla yako. Akaigeuza akanionyesha karibu na jeki, mkwaruzo uleule, akacheka akasema "basi piga nyimbo zako na hii, mimi nakula". Kijana muungwana sana, Mungu ambariki.

Nikapiga nyimbo tatu. Mara hii kwenye spika kubwa, sabwufa mbili za inchi 18, imepita moja kwa moja kwenye mixa bila ampu, na fundi mitambo wetu ambaye kila siku ananilalamikia kwamba besi inajaa matope aliacha kugusa chaneli yangu baada ya ubeti wa kwanza. Wimbo wa pili ulikua kwenye C#. Nikaenda freti ya 6 uzi wa G nikaikanyaga pale pale bila kukimbia, ikakaa, ikasubiri mpaka mpiga drams alipoingia tena. Mpiga solo wetu aligeuka akaniangalia.

Kwa kulinganisha na dukani, kijana alikua ameshaweka nyuzi mpya na kuziinua kidogo, mimi ningezishusha, vidole vyangu vilichoka wimbo wa tatu. Nobu ya toni bado inakwaruza, hajapuliza. Kidogo moyo uliniuma kwa hilo, kopo moja la dawa tu.

Maksi zangu kwa Yamaha BB434 ni 9 kwa 10, hiyo moja ni ya mvumo wa pikapu ya chini. Kwa mtu wa kanisani au bendi ya harusi anaehitaji sauti ya chini iliyosimama sioni cha kuongeza, na kwa bei ya mtumba hapa Dar ukiipata chini ya milioni lipa, kama huna zote acha advansi siku hiyohiyo na uchukue risiti. Duka la mzee nalo maksi 10 kwa 10, alinipa kiti, alinipa muda, alinipa bei, na alinisubiri.

Nilimuuliza kijana kama anauza. Akasema hapana, hata kwa milioni mbili hapana, na mimi kwa nilivyoisikia sikumbembeleza. Nilimuachia namba yangu. Maisha yana mambo mengi, mtu anaweza akahama, akapata ya juu zaidi, akapata shida, kwahiyo wadau wa Dar, Moro na Pwani mkiona mahali BB434 ya bluu inauzwa, igeuzeni mwangalie karibu na shimo la jeki, kama kuna mkwaruzo wa urefu wa kidole niambieni siku hiyohiyo. Hela ipo, nimeitenga, haiguswi.