Uzoefu wangu na i-STAT emajensi: mashine iko vizuri, ila akili yote iko kwenye katriji

Mimi ni mtu wa maabara, niko hospitali moja huku pwani, na hii i-STAT ya Abbott, mashine ya kupima damu ile ya kushika mkononi, tunayo emajensi muda sasa. Watu wananiuliza sana inafaa au haifai. Inafaa, tena sana, naipa nyota 4 kwa 5, ila wengi wanadhani wamenunua mashine kumbe kitu chenyewe hasa ni katriji, kile kipande unachoweka damu na kukichomeka kwenye mashine, kinatumika mara moja tu.

Ukiiangalia katriji unaona kijiplastiki cha kawaida tu lakini ndani kuna chipu za silikoni zenye elektrodi ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, pamoja na kifuko cha maji ya kalibresheni, yaani ya kusawazisha sensa kabla ya kupima. Ukiichomeka kile kifuko kinatobolewa, maji yanapita juu ya sensa, inajikalibreti kwanza halafu ndo inasukuma damu. Yaani kila mgonjwa anapata sensa zake mpya, hakuna elektrodi ya kuosha wala membreni ya kubadilisha, na kama umewahi kuhangaika na elektrodi ya potasiamu ya mashine kubwa saa nane usiku utanielewa.

Sodiamu na potasiamu zinasomwa kwa volti, kila elektrodi ina utando unaochagua ioni yake. Sukari inasomwa kwa mkondo wa umeme, kimeng'enya kinachakata glukosi inatoka haidrojeni peroksaidi, elektrodi inaidaka hiyo (wazo la elektrodi ya kimeng'enya ni la Clark na Lyons, 1962, bado linatulisha mpaka leo). Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu, ndo inanifurahisha zaidi, inaangalia tu damu inapitishaje umeme, maana seli nyekundu hazipitishi.

Faida yake utaiona siku analetwa mgonjwa wa sukari anapumua kwa kasi, kachoka, dokta anataka kuanza insulini lakini lazima ajue potasiamu kwanza, kwa sababu insulini inaishusha zaidi na kama tayari iko chini moyo unaweza kugoma. Kwa njia ya kawaida damu iende maabara kuu, isentrifujiwe (izungushwe kwa kasi seli zitengane na maji yake), ipangiwe foleni, na huku mgonjwa anazidi kuchoka. Kwa katriji ya CHEM8+ unaweka mikrolita 95, ni matone mawili matatu tu, na ndani ya dakika 2 na kitu una sodiamu, potasiamu, sukari, kreatinini (kipimo cha figo) na vingine, dokta amesimama palepale anasoma. Hapo sina la kulalamika kabisa.

Sasa mambo ya kuyajua kabla hujaiamini moja kwa moja. Kwanza joto. Inafanya kazi kati ya nyuzi 16 na 30, na huku kwetu Februari umeme ukikatika AC ikizima chumba kinapita 30 haraka sana, inakwambia joto limezidi na haipimi. Watu wanakasirika, mimi naona ni afadhali ikatae kuliko itoe jibu la uongo. Katriji zenyewe zinakaa friji nyuzi 2 mpaka 8, ukitoa moja unaiacha nje dakika 5 ubaridi uishe ndo utumie, na ikishatoka usiirudishe friji tena, CHEM8+ ikiwa nje mwisho wake siku 14. Sisi tunaandika tarehe kwa kalamu kwenye kila pakti inayotoka.

Pili potasiamu. Hili nalisema kwa kila nesi mpya. Mtoto mishipa haionekani, unatumia sindano nyembamba unavuta sirinji kwa nguvu, seli zinapasuka, potasiamu ya ndani ya seli inamwagika, mashine inasoma 6.8, juu mno, na iko sahihi kabisa, imesoma kilichopo kwenye damu uliyoipa. Shida ni kwamba kwenye damu nzima huoni kama imehemolaizi, yaani seli zimepasuka. Damu hiyohiyo ukiisentrifuji plazma, yale maji ya damu, inakuja nyekundu unajua papohapo. Kwa hiyo potasiamu ikiwa juu na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haioneshi kitu, toa damu upya taratibu kabla hujaanza kumtibu.

Tatu, na hili kwa nchi yetu ni kubwa kwa sababu wagonjwa wa selimundu ni wengi: haidroksiyurea. Dawa hii inaingilia sensa, kreatinini na sukari vinaweza kuja juu kwa uongo, na mtengenezaji mwenyewe kaandika kwenye karatasi ya katriji ila nani anaisoma. Sisi tumebandika tangazo ukutani juu ya mashine, mgonjwa wa selimundu ulizia dawa kwanza, kama anatumia kreatinini yake inaenda maabara kuu. Usimwambie mama wa watu figo za mwanae zinafeli kwa jibu hilo.

Hematokriti nayo kwa mgonjwa aliyejazwa maji mengi au mwenye protini ndogo, kama watoto wenye utapiamlo, inasoma chini kuliko hali halisi. Kabla ya kuamua kuongeza damu pima hemoglobini kwa njia nyingine.

Ukiona nyota * badala ya namba maana yake sensa haikuridhika, mara nyingi damu imeanza kuganda au kuna kiputo cha hewa, chukua katriji nyingine.

Nyota moja niliyopunguza ni ya bei na upatikanaji. Katriji ni ghali na wakala mmoja alishawahi kutuletea boksi zilizobakiza wiki chache tu kuekspaya, kwa kitu cha friji hiyo ni hasara. Ukitaka kununua ulizia tarehe ya katriji, ulizia zinasafirishwaje kutoka bohari mpaka kwako, na ulizia kontroo za maji, yale maji yenye majibu yanayojulikana ya kuhakikia katriji, maana ile simuleta ya elektroniki wanayokuonyesha inapima kisomeo tu, haigusi sensa hata kidogo. Muuzaji asiye na majibu ya hayo matatu, tafuta mwingine.