Combobox ya Tkinter: nyepesi, ila orodha yake ina ukaidi

Naipa nyota nne kati ya tano. Ninaitumia Combobox (kisanduku chenye orodha inayoshuka ya kuchagulia) ya ttk, sehemu ya Tkinter, maktaba ya kutengeneza madirisha inayokuja na Python, kwenye programu ya kusajili vifaa vya ofisi. Ukiweka state kuwa readonly, mtumiaji anachagua tu, haandiki anachojisikia. Kwa height unaamua mistari mingapi ionekane; usipoigusa ni 10.

Utamu wenyewe uko kwenye postcommand. Unaipa funksheni yako, nayo inaitwa kila orodha inapotaka kufunguka. Yangu inasoma majina ya idara kutoka kwenye hifadhidata papo hapo, kwa hiyo idara iliyoongezwa sasa hivi inaonekana bila kuwasha programu upya.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya fonti. Nilikuza herufi, kisanduku kikapendeza, orodha ikabaki na vijiherufi vyake vilevile. Kumbe inayoshuka pale ni Listbox, orodha ya zamani ya Tk (msingi wa Tkinter), haisikii mitindo ya ttk. Dawa yake ni amri ya option_add yenye *TCombobox*Listbox.font, tena iwekwe mapema, kabla orodha haijafunguliwa. Nani angekisia hilo?

Halafu kuna gurudumu la kipanya. Ukilizungusha kielekezi kikiwa juu ya kisanduku, chaguo linabadilika bila mtu kubofya chochote. Kwenye fomu ndefu ya kusogeza ni hatari. Unganisha tukio la <MouseWheel> la kisanduku na funksheni inayorudisha "break", yaani tukio liishie hapo, utalala usingizi.