Uzoefu wangu: dirndl ya kushonewa kwa fundi Bad Aussee, Austria

Wanaoishi Austria au Bavaria, Ujerumani, huniuliza kama dirndl ya kushonewa kwa fundi, yaani vazi la jadi la wanawake wa Alps lenye kizibao cha kubana, sketi ya marinda na aproni, ina thamani ya pesa yake. Inayo, na thamani hiyo iko upande wa ndani wa nguo.

Nimelelewa Tanga na mama fundi cherehani, kwa hiyo nguo yoyote naigeuza kwanza ndipo niulize bei. Nyingi nilizogeuza madukani hapa mjini Graz, Austria, ni za poliesta, na kitambaa kimekatwa hadi ukingoni mwa mshono. Ukinenepa kidogo tu, nguo imekwisha kazi. Fundi wangu wa Bad Aussee, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Steiermark, aliacha nafasi ya vidole viwili kila ubavu wa kizibao. Ukinenepa, ukipata mtoto, ukitaka kumrithisha binti yako, mshono unafumuliwa na kuachiwa. Nguo imeshonwa ikijua kwamba mwili hubadilika.

Halafu kuna sketi. Karibu mita tatu za kitambaa hukusanywa kiunoni kwa mkono. Fundi hupitisha nyuzi kadhaa kwa mistari sambamba, kila kijishono kimepimwa, kisha anazivuta zote pamoja, na marinda yanasimama wima, membamba, yamebanana kama njiti za kiberiti. Kisha anayashona moja moja kwenye kizibao kwa sindano na subana. Cherehani ingeyalaza. Nilikaa nikimwangalia mpaka akanipa sindano nijaribu safu moja, na nilifurahi mno.

Rangi za Aussee zinajulikana: kizibao kijani, sketi ya waridi, aproni ya zambarau. Niliomba sketi iwe ya kitenge. Akakataa kwa upole. Ya kitenge angenishonea siku nyingine kwa moyo wote, ila hiyo isingekuwa dirndl ya Aussee. Nilimheshimu kwa hilo.

Aproni ya hariri niliinunua kando, kwa wachapaji. Bado wapo mjini humo wanaochapa vitambaa kwa mkono, kwa mihuri ya kuchonga: muhuri unapakwa rangi, unapangwa kwa jicho, unagandamizwa. Ukiiangalia kwa karibu unaona pale ua moja lilipopakana na la pili, rangi imepandana kidogo sana. Mimi naipendea hapo hapo.

Kuna Watanzania wenzangu wanaoona ajabu mtu mweusi kuvaa vazi la watu wa Alps. Mimi nawakumbusha kwamba miongoni mwa walioipa dirndl umaarufu, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa ndugu wawili Wayahudi wa Munich, Julius na Moritz Wallach, na duka lao lilikuwa la mavazi haya. Mwaka 1938, huko Salzburg, Wayahudi walipigwa marufuku kuvaa mavazi ya jadi ya Alps. Vazi hili limeshawahi kutumiwa kuamua nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, nami sikubali liendelee kutumiwa hivyo. Nimelivaa kwenye Narzissenfest, sherehe ya maua ya nasisi inayofanyika eneo la Bad Aussee tangu 1960, na bibi mmoja aliijia aproni yangu moja kwa moja, akaishika pindo, akataka kujua nani kaichapa. Tukaongea vitambaa mpaka mashua zenye sanamu za maua zikapita.

Kasoro zipo. Bei ilivuka euro elfu moja kabla ya aproni, na kusubiri ni miezi, hasa ukiagiza karibu na majira ya sherehe. Hariri haipendi maji: tone la mvua huacha alama, na kule mvua ni nyingi, kwa hiyo nina aproni ya pili ya pamba kwa siku za mawingu. Kizibao hubana kweli kweli mwanzoni. Kilinilegea baada ya kukivaa mara kadhaa.

Ukienda kupimwa, vaa blauzi na sidiria utakazovalia dirndl yenyewe, maana kizibao hukatwa kufuata hizo. Chukua na viatu vyako, kwani upindo wa sketi hupimwa kutoka sakafuni, na aproni huja fupi kidogo kuliko sketi. Na mwambie fundi mapema kama unataka mfuko. Wangu umefichwa chini ya aproni, simu inaingia yote.