Dungeons & Dragons ya 2024 mezani kwetu, na ninachokiomba kwa toleo lijalo

Mimi ndiye msimulizi mezani kwetu, yaani ninayeongoza hadithi, na tulihamia kanuni mpya za mchezo wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu, Dungeons & Dragons kitabu cha wachezaji kilipotoka Septemba 2024. Nimezipenda, hasa kwa ajili ya mpiganaji, mhusika anayetegemea silaha badala ya uchawi.

Kwa kanuni za awali, za 2014, zamu ya mpiganaji wa kawaida ilikuwa ileile kila mara: rusha dadu ya pande 20, piga au kosa, mpishe mwenzio. Mchawi hapo pembeni anachagua kati ya moto, usingizi na kutoweka machoni pa adui. Sasa silaha zina umahiri wake, yaani mbinu maalumu ya kila silaha. Nyundo ya vita inamsukuma adui hadi futi 10, na upanga mkubwa unamjeruhi hata ukimkosa. Mchezaji wetu mmoja aliyekuwa akishika simu mpaka zamu yake ifike, siku hizi anasimama kabisa kuitazama ramani, anapiga hesabu amtumbukize nani shimoni. Hata nje ya vita, kuanzia ngazi ya 2 (mhusika hupanda ngazi kadiri anavyopata uzoefu), akishindwa kupanda ukuta anaweza kutumia pumzi yake ya akiba kuongeza dadu ya pande 10.

Anayenisikitisha ni mhusika wa aina nyingine, mwindaji wa porini. Uwezo wake mwingi umefungwa kwenye uchawi wa kumtia adui alama ili kila pigo limuumize zaidi, na uchawi huo unadai umakini. Akitumia uchawi mwingine unaodai umakini, alama inafutika. Akifika ngazi ya 20, kilele chenyewe, zawadi yake ni dadu ya maumivu hayo ya ziada kupanda kutoka pande 6 hadi 10. Baada ya safari yote ile! Toleo lijalo liiachie alama hiyo huru, na kufuata nyayo na kutega mitego kupewe kanuni zenye uzito kama wa vita.

Ombi langu lingine ni la lugha. Tunacheza kwa Kiswahili huku karatasi za wahusika zikiwa za Kiingereza. Aprili 2025 kanuni za msingi ziliwekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitafsiri, hata kuuza tafsiri yake, mradi ataje chanzo. Ni hatua kubwa sana. Ila ilikuja miezi saba baada ya kitabu. Safari ijayo vitoke siku moja, ili anayetafsiri kwa Kiswahili aanze kazi siku hiyohiyo wengine wanapofungua kitabu.