TAHADHARI: "Injini za ndege" zinazouzwa Mtwara na Lindi ni mashine za salfa zilizokufa

Wadau wa ndege za rimoti mlioko huku Kusini, na nyie wa Dar mnaotumiwa mizigo kwa basi, naombeni msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu anauza anachokiita injini za ndege, maelezo yake ni kwamba ni injini za mashine za kukatia majani zimeshabadilishwa, kazi yako wewe ni kufunga propela na kurusha. Mara yupo Lindi mjini, mara Masasi, wengine kawaambia duka lake lipo Mtwara karibu na uwanja wa Nangwanda, ukienda duka hamna. Jina simtaji maana analo zaidi ya moja na linalotokea ukituma hela sio hata mojawapo. Ila mzigo wake ndo naujua.

Mi ni fundi wa mashine za salfa, zile za kupulizia dawa ya unga wa salfa kwenye mikorosho. Msimu wa kupulizia mikorosho ukianza mpaka unaisha nashinda na hizi injini ndogo za petroli ya kuchanganya na oili, za mabomba ya mgongoni, za kukatia majani, za misumeno, nazijua zinavyoishi na zinavyokufa. Na vijana wanajua napenda haya mambo ya ndege za rimoti, ndo wakaanza kuniletea, fundi hebu icheki hii, nimetoa laki nne na nusu, siku ya kwanza iliwaka vizuri ya pili imegoma. Wa kwanza nikasema bahati mbaya tu. Akaja mwingine na kitu kilekile, rangi ileile nyekundu ya kopo, kovu la grainda palepale, nikajua hapa kuna mtu ana kiwanda chake cha uani.

Nimefungua. Chini ya rangi, kwenye yale mapezi ya silinda na nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito la injini), kuna unga wa njano umegandamana na oili. Mtu wa Newala au Tandahimba humwambii ule unga ni nini. Nikaiwasha kidogo ipate moto, harufu iliyotoka mpaka mama muuza chapati akasogeza jiko lake. Salfa. Yaani sio injini ya kukatia majani hata, ni bomba la mkulima lililokufa, likauzwa kama chuma chakavu msimu ulipoisha, jamaa kalivua feni na tangi, kalipaka rangi, kalipa jina jipya.

Sasa mtu atauliza, injini si injini, ina shida gani ikitoka kwenye salfa? Shida ni kwamba zile mashine zinafanya kazi ndani ya vumbi kutwa nzima, filta ikichanika mkulima habadilishi anaendelea tu maana mikorosho haimsubiri, vumbi na mchanga vinaingia kwenye kabureta vinashuka kwenye silinda vinasugua ringi za pistoni na ukuta wa silinda mpaka komprisheni (ule mbano wa ndani ya silinda) inaisha. Ndo maana ikauzwa chakavu. Na jamaa anajua, kwa hiyo anamwagia oili nzito kwenye tundu la plagi kabla hajaituma, ile oili inaziba pengo la ringi kwa muda, ukivuta kamba unasikia nzito kabisa kama mpya, inawaka, unafurahi. Oili ikishaungua ndo basi, unavuta mpaka bega linauma.

Komprisheni unaipima bila kifaa chochote. Kama injini bado ina kamba yake shika kishikio cha kamba halafu iache ining'inie. Nzima itashuka polepole, inakwama kila pistoni inapopanda halafu inaachia. Iliyokufa inateremka moja kwa moja mpaka chini. Ila itoe plagi kwanza, uiinamishe oili imwagike, uizungushe mara kadhaa, urudishe plagi ndo upime, vinginevyo unapima oili ya jamaa.

Jambo la pili ni ukubwa. Anaziuza kama za sisi 62 (cc, yaani ukubwa wa injini), kabandika na stika. Hizi injini za Kichina zina namba kwenye bloku, mfano 1E40F au 1E44F, ile 40 au 44 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Ya kukatia majani yenye 40 pistoni yake inatembea milimita 34, ukipiga hesabu unapata kama sisi 43. Yenye 44 na mwendo huohuo inakuja kama sisi 52. Hesabu ni ya darasa la saba tu, kipenyo mara kipenyo mara 0.785 mara mwendo wa pistoni. Mwendo unaupima kwa kuingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu la plagi, weka alama pistoni ikiwa juu kabisa, weka nyingine ikiwa chini kabisa. Zile nilizofungua mimi zote zilikuwa za kipenyo cha 40, na ile namba kaisaga kwa grainda. Ukiona namba imesagwa usiulize swali lingine, rudisha mzigo.

Haya yote ni hela, na hela inauma ila inatafutwa tena. Kilichonifanya niandike ni habu ya propela.

Injini ya ndege propela inakaa kwenye krenki (ule mhimili wa injini unaozunguka), na ile habu inayoshika propela inatakiwa ichongwe kwenye mashine ya kereza, iwe katikati kabisa, ikae kwenye tepa ya krenki, ile sehemu iliyochongoka, kama flaiwili inavyokaa halafu nati inaibana. Jamaa yeye kachukua kipande cha chuma, kakitoboa, kakichomelea kwa umeme moja kwa moja kwenye ncha ya krenki. Kuchomelea! Ule moto umepita kwenye krenki umeunguza sili, grisi ya beringi imeungua, na krenki yenyewe imepinda kidogo, ukiizungusha kwa mkono ukaiangalia ile habu inacheza kama tairi lililogonga shimo. Moja niliipiga nyundo ndogo, sio kwa nguvu, wedi (pale alipochomelea) ikapasuka.

Sasa piga picha. Propela ya inchi 18 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ile ncha yake inakimbia mita 190 kwa sekunde, ukiigeuza ni kama kilomita 690 kwa saa. Hapo habu ikiachia, kile kipande na propela yake havianguki chini ya meza, vinaondoka. Na mtu anayewasha injini ya ndege anakuwa ameinama mbele yake au pembeni yake, uso upo palepale. Wengi wa hawa wateja ni vijana wa VETA na wa sekondari, wanawashia uani, wadogo zao wamezunguka wanaangalia.

Halafu kakata na waya wa kuzimia. Sijui alikuwa anapunguza waya au hajui kazi yake, ila injini ikishawaka huna pa kuizimia zaidi ya kubana petroli na kusubiri, huku propela inazunguka na mtikisiko unailegeza wedi.

Moja kachomelea habu upande wa kamba ya kuwashia. Injini upande ule inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutokea hapo, na propela za kawaida zinazouzwa zimetengenezwa zizunguke kinyume cha saa ukisimama mbele ya ndege. Kwa hiyo ukifunga propela ya kawaida inasukuma nyuma. Yule dogo alidhani kafunga propela vibaya, akaigeuza, na ukigeuza propela haibadiliki kitu, bado inasukuma kulekule. Alihangaika nayo wiki nzima maskini.

Nisieleweke vibaya, kubadilisha injini ya bustani kuwa ya ndege ni kitu cha kweli na cha siku nyingi. Wenzetu Marekani na Uingereza wamefanya miaka na miaka na injini za Ryobi, Homelite, misumeno ya aina zote, na Zenoah wa Japani injini zao za kukatia majani na za rimoti ni ukoo mmoja kabisa. Inafanyika hata hapa Mtwara ukiwa na subira. Unatoa klachi, unatoa kamba na kava la feni, mapezi ya flaiwili unayapunguza kwa usawa ili isitikise, sumaku unaiacha kama unatumia koili yake ileile, au unaondoa flaiwili yote unaweka mfumo wa elektroniki wa kutoa cheche ya plagi wenye betri yake, injini inakuwa nyepesi sana. Habu inachongeshwa. Injini inafungwa kwenye ukuta wa plaiwudi imara mbele ya ndege, propela yenyewe ndo inapuliza silinda isipate moto. Swichi ya kuzimia lazima. Na usichague mashine ambayo krenki yake imeshikwa na beringi upande mmoja kama zenye beringi pande mbili zipo.

Kabureta nayo iangalie. Ya misumeno na mashine nyingi za kukatia majani ni ya kiwambo, ile ya mtindo wa Walbro, ndani kuna ngozi nyembamba inasukuma petroli, unaweza kuigeuza kichwa chini injini inaendelea. Baadhi ya mabomba ya salfa ya bei rahisi yana kabureta ya boya, kikombe kipo chini na boya linaelea, maana mkulima anatembea wima muda wote hana haja ya kupindua. Ukiweka hiyo kwenye ndege ukapiga mzunguko mmoja juu, boya linachanganyikiwa, injini inazima ndege ikiwa imelalia mgongo. Zilizokuja kwangu zote zina boya. Mtu aliyewahi kurusha ndege hata mara moja asingeiuza hiyo, kwa hiyo yale maneno yake ya uzoefu wa kurusha ni uongo mtupu.

Video zake nazo ziangalieni kwa jicho la fundi. Fupi, haziendi hata dakika. Hakuna hata moja inayoonyesha injini ikivutwa ya baridi, kila ukiona inaanza imeshawaka. Propela haipo, na injini isiyo na mzigo hata mbovu itapiga kelele. Ukimwambia akupigie video sasa hivi ukiwa unaangalia, mtandao unakuwa mbovu ghafla. Ukimwambia nakuja, nipo Mingoyo hapa, nichukue mwenyewe, anasema ameshaiweka kwenye basi. Risiti ya EFD ukiomba anakwambia bei itapanda. Na hela anataka yote kwanza, baada ya siku mbili anaomba tena ya "beringi mpya" eti kaona bora akubadilishie kabla ya kutuma, huo ndo wema wake.

Kuna mmoja kamuongezea elfu themanini akapewa karatasi ina mhuri, kaambiwa ni kibali cha kurushia. Jamani vibali vya ndege zisizo na rubani ni mambo ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), unaomba mwenyewe, haviji ndani ya boksi pamoja na injini.

Mkishapigwa msiishie kwenye kulalamika kwenye grupu maana yeye yumo humohumo anasoma na anawatoa. Tunzeni meseji za muamala, picha za injini na ile namba iliyosagwa, tiketi ya kifurushi cha basi, mpeleke polisi. Yule dogo wa propela ya kinyume kafungua jalada, na mwingine wa Nachingwea nimemwambia afanye hivyohivyo, majalada yakiwa mengi na laini ni ileile inakuwa rahisi kumfuatilia.

Juzi nimeonyeshwa tangazo jipya, picha ni ya injini mojawapo iliyopita mezani kwangu, nimeijua kwa lile kovu la grainda, ila sasa kaipaka bluu na anaiita injini ya boti ndogo. Wavuvi wa Mikindani na Kilwa mmesikia. Na kama kuna mtu hapa tayari anayo ile nyekundu, usiifunge propela kabisa hata ya kujaribu, toa plagi, ilete niifungue uone mwenyewe ndani, sikuchaji.