Jumamosi za klabu ya vijana wenye usonji: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nimejitolea katika klabu hii kwa mwaka mmoja na miezi minne, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, isipokuwa Jumamosi moja ambayo nitaieleza hapo chini kwa aibu. Ni klabu ya kujumuika tu, kwa vijana wa miaka 16 hadi 25 wenye usonji (autism). Si kliniki wala darasa, na hakuna anayetibiwa chochote. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilipojiandikisha nilidhani nakwenda kusaidia watu wapone.

Kuingia kulinichukua wiki saba: fomu, wadhamini wawili, uchunguzi wa rekodi za polisi, mahojiano, kisha siku nzima ya kukaa pembeni na kutazama. Nilinung'unika sana. Siku hizi nikisikia mahali ambapo mtu wa kujitolea anaombwa leo na kuanza kesho, napapata shaka. Baadhi ya vijana wetu hawasemi kwa mdomo; mtu akiwatendea ubaya, hawana njia rahisi ya kumshtaki. Wiki saba si nyingi.

Mafunzo ndiyo dhaifu, na hapo sina simile. Tulikaa mchana mmoja tukitazama picha ukutani. Tukaambiwa kwamba daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, kwamba daktari mwingine, Hans Asperger, alifuata mwaka 1944, kwamba mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikusanya majina kadhaa chini ya jina moja la usonji. Haya, asanteni. Hakuna aliyetuambia la kufanya kijana anapoanza kujing'ata mkono mbele ya wenzake kumi na watatu. Hilo nilijifunza siku lilipotokea, kwa kumtazama mratibu. Alizima taa za upande ule, akaashiria wengine watolewe bila kelele, akaokota kile kidude cha mpira cha kutafuna ambacho kijana yule huvaa shingoni na kilikuwa kimedondoka, akakisogeza karibu naye. Kisha akaketi sakafuni hatua mbili kutoka kwake, kimya. Hakumshika. Hakumwambia atulie. Zilipita dakika kumi na nane, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Nilipomuuliza baadaye, alisema ile si deko ya mtu aliyenyimwa kitu. Kichwa kilikuwa kimeshajaa sauti na mwanga, na kila neno ambalo tungeongeza lingekuwa mzigo mwingine. Maneno hayo yangetosha kuwa mafunzo yote.

Mimi ni mwalimu, miaka 22 sasa. Darasani, ukimya baada ya swali una maana moja: mtoto hajui jibu, basi mwalimu anauliza tena kwa njia nyepesi. Siku yangu ya kwanza klabuni nilimuuliza kijana wa miaka 19 kama angependa kucheza karata. Kimya. Nikamuuliza kama anapendelea dhumna. Kimya. Nikamuuliza kama amechoka. Akaziba masikio akaondoka. Mratibu akanivuta kando: "Uliza mara moja, halafu hesabu kumi moyoni. Ukibadilisha maneno unamrudisha mwanzo." Jumamosi iliyofuata niliuliza, nikahesabu. Nilifika kumi na tatu. "Karata," akasema, "lakini si na wewe." Nikafurahi kama niliyepandishwa cheo.

Usemi wangu wote ulibidi kufanyiwa matengenezo. Nilimwambia binti mmoja, "Nakuja baada ya dakika tano hivi." Akauliza, "Tano, au hivi?" Nikacheka, yeye hakucheka. Alitaka kujua hivi ni ngapi, maana alikuwa amepanga mambo yake juu ya ahadi yangu. Tangu hapo nasema tano, na nikisema tano ni tano. Kuna mwingine alinisahihisha kwa jambo jingine: wenzake walikuwa wameanza kuniita mwalimu, akatangaza ukumbini kwamba hapa si shule na mimi niitwe jina langu kama watu wote. Ikapita bila kupingwa.

Mambo yanayofanya mahali hapa pastahili sifa ni madogo, na mgeni anaweza kuyapita bila kuyaona. Mlangoni kuna ubao wa picha unaoonyesha mchana utakavyokwenda, na jambo likibadilika, picha inabadilishwa mbele ya kila mtu. Kuna chumba tulivu chenye mito na taa hafifu, ambacho kina kanuni moja tu: humo hakuna kuzungumza. Na kuna kadi za shingoni za rangi tatu. Kijani maana yake karibu tuongee, njano, nazungumza na ninaowajua, nyekundu, niache. Kadi hizi hazikubuniwa na wataalamu, zilitokana na mikutano ya watu wenye usonji wenyewe. Sisi wa kujitolea tunavaa pia. Kuna Jumamosi nilifika baada ya wiki mbaya kazini nikavaa nyekundu, na kwa saa tatu hakuna aliyeniuliza nina nini. Sijui mahali pengine duniani ambapo ningepewa heshima hiyo bila kutoa maelezo.

Mwisho wa kila Jumamosi tunaandika taarifa fupi. Mwezi wa pili niliandika kuhusu vijana wawili: mmoja alichora mitambo ya lifti, mwenzake akapanga karata kwa rangi, meza moja, dakika arobaini, hakuna neno. Nikahitimisha, "Hawakushirikiana." Mratibu aliirudisha ile karatasi. Akanipa usomaji wa kurasa chache kuhusu hoja ya Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande zote mbili, si upungufu wa upande mmoja. Kulikuwa pia na utafiti wa mwaka 2020: hadithi ilipitishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na kundi la wenye usonji watupu liliihifadhi vizuri sawa na kundi la wasio na usonji. Iliyoharibika zaidi ni ile iliyopita katika kundi la mchanganyiko. Nilisoma, nikakubali nusu, nikabaki na nusu yangu ya ukaidi. Jumamosi iliyofuata mchoraji alifika kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile meza, akakivuta kiti cha pili, akaweka mkoba wake juu yake ili mtu mwingine asikikalie, hadi mpanga karata alipoingia. Nikaifuta ile sentensi.

Sasa lawama zangu, na zipo.

Fulana zetu za kujitolea zilikuwa na picha ya kipande cha chemshabongo, ishara iliyobuniwa Uingereza mwaka 1963 na ambayo watu wazima wengi wenye usonji hawaipendi. Binti yule wa dakika tano aliigusa ya kwangu akasema, "Mimi sijapungukiwa kipande." Kamati ya vijana ikapiga kura iondolewe. Kura ilikuwa siku moja, fulana mpya zilikuja baada ya miezi minane. Kamati hiyo hiyo ilipopiga kura kwamba siku za kuzaliwa tusipige makofi bali tupunge mikono hewani, ilitekelezwa papo hapo, kwa hiyo nashuku kwamba sauti ya vijana husikika upesi pale tu isipogusa mfuko.

Taa moja ndefu ya dari, karibu na dirisha la kushoto, inatoa mvumo. Mimi siusikii nisipotega sikio. Vijana watatu wanausikia kutoka mlangoni na hawakai upande ule kabisa. Nimeiandika kwenye daftari la matengenezo mara nne.

Watu wa kujitolea wanaingia na kutoka kama abiria wa daladala, na hakuna utaratibu wa kuaga. Anayeondoka huacha tu kuja. Na hapa ndipo inakuja Jumamosi yangu. Nilikuwa na msiba wa mbali, nikasahau kutoa taarifa. Kijana wa karata, yule yule wa "si na wewe", aliichukua kadi yenye jina langu pale mlangoni, akaiweka mezani mbele ya kiti kitupu, akagawa karata kwa watu wawili. Alikaa hivyo mpaka saa kumi na moja. Niliambiwa hivyo kwa simu, bila kulaumiwa, na ningependa afadhali nilaumiwe. Basi, kama ratiba yako haitabiriki, jitolee kupanga stoo au kuandika barua za klabu. Kazi hizo zipo na zinahitaji watu. Ukumbini usiingie.

Kubwa kuliko yote ni ule umri. Ukifikisha miaka 26, unapewa kadi ya kwaheri iliyosainiwa na wote, basi. Mchoraji wa lifti ana miaka 25 na miezi saba. Ameshauliza mara tatu picha gani itawekwa ubaoni Jumamosi ile ya mwisho, na mratibu, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, hana. Tumeandika barua kwa bodi kuomba kundi la wakubwa, hata mara moja kwa mwezi, hata katika chumba tulivu peke yake.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa bodi ikijibu barua hiyo, na mtu akipanda ngazi akabadilisha ile taa.