Zinia au ua la Usambara: kipi upande kwa mbegu Tanga?

Zinia, ua mgeni kutoka Meksiko, haina makuu: fukia mbegu nusu sentimita mahali penye jua, wiki moja zimeota. Adui wake ni unyevu. Majani yakilala yamelowa hushikwa na magonjwa ya ukungu, hivyo mwagilia shinani, tena asubuhi.

Saintpaulia, ua la milima ya Usambara, inataka subira. Mbegu zake ni vumbi tupu na huhitaji mwanga ili ziote, ukizifukia, umezizika. Zinyunyize juu ya mboji iliyochekechwa, funika chombo kwa nailoni, weka kivulini penye mwanga, usubiri wiki mbili hadi nne. Maji ya kopo huzisomba: kalisha chombo kwenye sinia lenye maji, mboji inyonye kutoka chini. Lushoto, huko milimani, hustawi vizuri. Joto la Tanga mjini huitesa.